Texas na California: nani hasa anabeba kodi?

Yanapotajwa majimbo ya Marekani yenye kodi nafuu, Texas haikosekani. Haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na mwaka 2019 wapiga kura waliipiga marufuku ndani ya katiba ya jimbo. California hutoza hadi asilimia 13.3 kwa kipato kinachozidi dola milioni 1. Kwa kutazama viwango hivyo viwili tu, hukumu ni rahisi. Lakini walimu hulipwa na barabara hutengenezwa katika majimbo yote mawili; jimbo linaloacha kodi moja hutafuta fedha kwingine, na ulinganisho wa haki lazima ufuate fedha hizo hadi mfukoni zinakotoka.

Texas huzitoa kwenye manunuzi na majengo. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.25, na serikali za mitaa zinaweza kuifikisha 8.25. Kodi ya majengo, inayogharimia shule na kaunti, ni miongoni mwa zile nzito zaidi nchini, ilhali California iliibana kwa kura ya mwaka 1978 kwa kuweka kiwango cha msingi cha asilimia 1. Kodi ya mauzo haiulizi mshahara wa mnunuzi: mlinzi na mkurugenzi wakinunua friji moja, kodi ni ileile, ingawa kwa mlinzi inamega sehemu kubwa zaidi ya kipato. Mpangaji naye haepuki kodi ya majengo, kwani mwenye nyumba huihesabu anapopanga pango. Kwa makadirio ya mwaka 2024 ya ITEP, taasisi ya utafiti wa kodi, moja ya tano ya wakazi wa Texas wenye kipato cha chini kabisa hutoa takriban asilimia 12.8 ya kipato chao kwa kodi za jimbo na za mitaa, na asilimia 1 ya matajiri wa juu hutoa 4.6. California ni takriban 11.7 na 12.0.

Wapo watakaosema kwamba Texas haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vingi vya msingi. Ni kweli, na nafuu hiyo imo tayari katika hesabu hizo. Wengine watasema watu wameshaamua kwa miguu: baada ya sensa ya 2020 Texas iliongezewa viti viwili katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, California ikapoteza kimoja. Hata hivyo, bei ya nyumba California inatosha kumhamisha mtu asiyedaiwa kodi kubwa ya mapato. Kwa mwenye mamilioni, unafuu wa kodi Texas ni halisi. Kwa familia ya kipato kidogo, wakiwamo wahamiaji wa Afrika Mashariki na Kongo walioko Houston na Dallas, sifa hiyo inawahusu wengine. Orodha yoyote ya majimbo nafuu isiyotenganisha walipaji kwa kipato inamficha anayebeba mzigo, na haifai kutungia sera.