Ukiumwa na Nyoka Msituni

Vijana wanaotembelea msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia Gede hukumbuka maji na biskuti. Leso nayo ibebwe. Bafe hulala kimya njiani, na akikanyagwa huuma.

Aliyeumwa asikimbie, kwani misuli ikichezacheza sumu huenea upesi. Mketishe, mvue viatu na pete kabla hajavimba. Kiungo kifungiwe kijiti kwa leso kisitikisike, bila kukaza. Wembe, kufyonza na lile jiwe jeusi linalosifiwa mno haviondoi sumu. Kamba ya kubana yaweza kuozesha mguu. Nyoka mwacheni aende zake.

Akitapika au kusinzia, mlazeni ubavu. Mbebeni hadi kwenye gari, mwende hospitali ya Malindi au Kilifi, mkiulizia kwanza kwa simu kama dawa ya sumu ya nyoka ipo.