Rangi ya tofali ao okre?

Nimepaka chumba kimoja mara mbili ndani ya miezi miwili, na mara ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Naandika hii juu wengi wetu tumemaliza masomo na tunapanga chumba kimoja chenye dirisha moja tu.

Nilikuwa nachagua kati ya rangi mbili za udongo: ile ya tofali la kuchoma, na okre, njano iliyopoa. Kumbe hizi ni ndugu. Zote asili yake ni chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo. Okre imeshika maji. Ukiichoma motoni maji yanatoka, nayo inageuka nyekundu.

Mimi nilipenda ya tofali. Goma yetu ni nyeusi: chini mawe ya Nyiragongo, ukuta wa ua mawe ya Nyiragongo, hata vumbi ni jeusi. Nilitamani ule udongo mwekundu wa Bukavu, nilikosomea. Nikapaka kuta zote nne. Asubuhi jua likiingia, ilikuwa nzuri sana, sitakataa. Lakini saa kumi, mawingu yakishuka, tuko ndani ya pango. Dada yangu mdogo anajitayarisha kwa Exetat. Akawa anabeba kiti mpaka mlangoni ili aone daftari. Usiku umeme ukikatika, ka taa ketu ka sola hakakutosha kitu.

"Yaya, umetupaka giza," akaniambia.

Alisema kweli. Dirisha likiwa moja, mwanga unafika pembeni kwa kurukaruka toka ukuta huu mpaka ule, na rangi nzito inaumeza kila unapogusa. Okre inarudisha mwingi zaidi.

Basi nikapaka nyeupe ya kufunika, halafu okre juu yake. Chini, kama mita moja hivi, niliacha ya tofali, kwa sababu ndipo viatu, ndoo na migongo ya wageni vinachafua.

Wewe usianze na ndoo nzima. Nunua kidogo, paka karatoni kubwa, isimamishe ukutani, iangalie asubuhi, saa kumi, na usiku chini ya taa yako mwenyewe: balbu nyeupe sana inaifanya okre ionekane kama mgonjwa. Na kama ukuta umepigwa simenti juzi tu, ngoja karibu mwezi, simenti changa inaharibu rangi.

Dada amerudisha kiti mezani. Ila asubuhi, jua likiingia, bado naikumbuka ile nyekundu.