Je, Wajua Kwa Nini Samaki Mkubwa Hurudishwa Majini?

Je, wajua kwamba barramundi, kipenzi cha wavuvi wa ndoana kaskazini mwa Australia, ana undugu na sangara wa Ziwa Victoria? Wote wawili ni wa jenasi ya Lates, na migebuka wa Ziwa Tanganyika wamo humo humo.

Je, wajua kwamba barramundi huanza maisha akiwa dume, kisha akishakua hugeuka jike? Ukilijua hilo, kanuni ya jimbo la Queensland inaeleweka yote. Huko mvuvi wa burudani, kwa kawaida, haruhusiwi kumchukua barramundi aliye chini ya sentimita 58, wala aliyezidi sentimita 120. Mdogo hajapata nafasi ya kuzaa. Mkubwa, aghlabu, ni jike, na tumboni mwake mna kizazi kizima. Mgeni aliyekesha mtoni akimsubiri samaki wa maisha yake, akampata, kisha akaambiwa amrudishe, huona ameonewa. Hakuonewa. Anayemrudisha ni mama wa samaki wote anaotarajia kuwavua miaka ijayo.

Je, wajua kwamba ukivuka mpaka wa Queensland ukaingia Northern Territory, kima cha chini cha barramundi huyo huyo hushuka hadi sentimita 55? Samaki hajabadilika, aliyebadilika ni mwenye maji. Swali la kwanza la mvuvi makini, basi, ni hili: haya maji niliyosimama kando yake ni ya nani?

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria nalo limekuwa na kanuni ya pande mbili? Kwa miaka mingi sangara aliyehesabiwa kuwa halali ni wa sentimita 50 hadi 85. Sababu ni ile ile: sangara wakubwa wengi ni majike, na jike mmoja mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Ziwa hili lina wenyewe watatu, Tanzania, Uganda na Kenya, na kila serikali huandika na kurekebisha kanuni zake. Aliyeisoma ya Kisumu asidhani ameisoma ya Mwanza.

Je, wajua kwamba hata kumpima samaki kuna sheria? Huko Florida, samaki aitwaye snook, ambaye naye huanza dume akamalizia jike, hupimwa mdomo ukiwa umefungwa na mkia umebanwa pamoja, hadi ncha ya mwisho. Upande wa Atlantiki anayechukuliwa ni wa sentimita 71 hadi 81 tu. Lakini nguru wa huko hupimwa hadi kwenye panda ya mkia, si nchani. Mtu mmoja, futi moja, samaki wawili, vipimo viwili. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kuvunja sheria huku akiapa kwamba amepima.

Je, wajua kwamba baridi inaweza kufunga msimu? Januari 2010 baridi kali iliua snook kwa wingi Florida. Upande wa Ghuba ya Meksiko hakuna aliyeruhusiwa kubaki na hata mmoja hadi mwaka 2013.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 wavuvi wa burudani wa Marekani walitangaziwa msimu wa siku 3 tu kuvua kungu mwekundu wa Ghuba ya Meksiko kwenye maji ya serikali kuu? Malalamiko yalikuwa makubwa, na siku 39 zikaongezwa baadaye. Wakati huo huo, kwenye maji ya jimbo la Texas, samaki huyo huvuliwa mwaka mzima. Maji ya Texas huishia maili 9 za baharini kutoka ufukweni. Hakuna boya, hakuna bendera, hakuna mstari juu ya maji. Ni wewe na kifaa chako cha kuonyesha mahali ulipo.

Je, wajua kwamba kumrudisha samaki si sawa na kumwokoa? Jambo hili linastahili kurudiwa kila mahali panapouzwa ndoana. Samaki wa kina kirefu ana bondo, kile kifuko cha hewa ambacho kwa sangara huuzwa ghali kandokando ya Ziwa Victoria. Akivutwa juu haraka, hewa iliyo ndani hutanuka, bondo huvimba, na pengine tumbo likamtokea mdomoni. Ukimtupa majini hivyo hivyo anaelea, hawezi kuzama, na ndege au papa humaliza kazi. Sheria imetimizwa na samaki amekufa. Ndiyo maana, kuanzia mwaka 2022, chombo kinachovua samaki wa miambani katika maji ya serikali kuu ya Marekani kwenye Ghuba hiyo kilitakiwa kiwe na kifaa cha kumshusha samaki hadi kinani, au sindano ya kumtoa hewa, tayari kwa matumizi.

Je, wajua kwamba nchini Uswisi hairuhusiwi kwenda kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki? Huko, kumtesa mnyama kwa ajili ya starehe tu ni kosa. Uingereza, kwa samoni, ni kinyume: kwenye mito ya England, anayemnasa kabla ya Juni 16 lazima amwachie. Watamu, pwani ya Kenya, wavuvi wa burudani huwawekea sulisuli alama na kuwaachia, na alama hizo zimesaidia kujua samaki hao huenda wapi.

Je, wajua kwamba England mito hufungwa kwa samaki wa maji baridi wasio wa jamii ya samoni kuanzia Machi 15 hadi Juni 15? Sheria hiyo ina asili yake mwaka 1878. Mabwawa mengi yaliondolewa kizuizi hicho mwaka 1995, kwa hiyo mtu anaweza kuvua halali bwawani huku mto ulio jirani umefungwa.

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika nalo hufungwa? Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa familia za Kigoma na Rukwa, na anayevua kwa kujifurahisha hana sababu ya kulalamika mbele ya anayevua ili watoto wale.

Je, wajua kwamba pweza jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake, na yakishaanguliwa hufa? Kanuni za Tanzania zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Na kwa kuwa pweza hukua upesi mno, miezi michache ya kufunga mwamba inaonekana kwenye mizani. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga miamba yao wenyewe kwa zamu.

Je, wajua kwamba nchini Kenya hifadhi ya taifa ya bahari na hifadhi ya kawaida ya bahari ni vitu viwili? Kwenye ile ya kwanza, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, huvui kabisa, hata kwa mshipi wa mkono. Kwenye ya pili, uvuvi wa asili unaruhusiwa.

Je, wajua kwamba msimu mwingine haukuandikwa na serikali yoyote? Boti nyingi za uvuvi wa burudani Watamu na Malindi hupumzika wakati wa kusi kwa sababu ya bahari kuchafuka, na hurudi upepo ukitulia. Usichanganye mambo hayo mawili: bahari kutulia si ruhusa.

Kabla hujatupa ndoana, nenda kwa afisa uvuvi au kwa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo huo, ukaulize leseni, tarehe na vipimo vya mwaka huu, si vya mwaka uliopita.