Majirani wa Angani

Usiku mmoja nilimwonyesha kijana wa kidato cha kwanza taa mbili zilizokaribiana ng'ambo ya bonde letu, nikamwambia, "Zile ni za nyumba moja." Kesho yake tulitembea huko, tukakuta moja i kando ya barabara, na ya pili i juu ya kilima kingine, mwendo wa saa nzima. Kijana alinicheka sana. Basi, wasomaji wapenzi, kosa langu hilo ndilo waliogopalo wataalamu wa nyota.

Galaksi ni mkusanyiko wa maelfu ya mamilioni ya nyota, zilizoshikwa pamoja na nguvu ya uvutano. Yetu sisi huitwa Njia Nyeupe. Galaksi nazo hukaa makundi makundi: yetu i katika kundi moja na Andromeda, iliyo mbali nasi kadiri ya miaka ya nuru milioni 2.5.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alichunguza kasi za galaksi za kundi kubwa liitwalo Coma. Akaona zaenda mbio mno. Uzito wa nyota zinazoonekana haungeweza kuzizuia zisitawanyike. Hapana budi pana kitu kingine kizito kisichotoa nuru. Kitu hicho huitwa maada ya giza, na wingu lake kubwa linalofunika galaksi, au kundi zima, huitwa halo. Halo haionekani kwa darubini. Lakini mwendo wa galaksi zilizomo ndani yake hutuonyesha uzito wake.

Sasa, tutajuaje galaksi ipi imo katika halo ipi? Mwaka 1982 John Huchra na Margaret Geller wa Marekani walieleza njia moja nyepesi. Galaksi mbili zikikaribiana angani, na kasi zao zikikaribiana pia, huhesabiwa kuwa marafiki. Na rafiki wa rafiki ni wa kundi lile lile. Mimi namjua Yohana, Yohana amjua Petro: basi sote tu kundi moja, ijapokuwa mimi na Petro hatujuani. Kasi hujulikana kwa nuru, maana nuru ya galaksi inayotukimbia huelekea wekundu.

Shida ni kuweka mpaka wa urafiki huo. Ukiwa mfupi, jamaa moja hukatwa vipande. Ukiwa mrefu, wageni huingia. Na mgeni ni hasara kubwa: ukubwa wa kundi ukiwa ule ule, kasi ikionekana mara mbili, uzito wa halo huhesabiwa mara nne. Katika kundi la galaksi nne au tano, mgeni mmoja aweza kuharibu hesabu nzima.

Mimi nilisahihisha kosa langu kwa miguu. Mtaalamu wa nyota hawezi kwenda huko. Kwa hiyo huijaribu kanuni yake kwanza katika ulimwengu wa mfano uliotengenezwa kwa kompyuta, ambamo kila halo yajulikana, apate kuona imekosea wapi. Nami tangu siku ile, nikiona taa mbili pamoja, huuliza kwanza.