Jiwe la Jikoni na Ndimu

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanaingia jikoni. Anayejenga leo Mtoni, Bububu au Fuoni, akishapandisha kuta na kuezeka, hufika mahali fundi akamwuliza: juu ya kaunta ya jiko tuweke nini? Zamani suali hilo halikuwapo. Jiko lilikuwa uani, mafiga chini, mpishi juu ya kigoda, mbuzi ya nazi na kinu pembeni. Siku hizi jiko limeingia ndani na kuinuka hadi kiunoni, na juu yake panatakiwa jiwe. Na jiwe si pazia, ukilichoka ukalibadilisha. Likishakaa limekaa, na fedha zake aghalabu ni za kujinyima.

Kwanza tusafishe majina, maana hasara nyingi zinaanzia hapo. Neno marumaru limetumika mpaka limechoka. Mwenye duka huliita marumaru kila kitu kinachong'aa, hata vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani. Marumaru ya kweli ni jiwe la chokaa lililokaa chini sana ardhini, likapata joto na mgandamizo kwa muda mrefu hadi likageuka umbo. Granaiti ni jamii nyengine kabisa. Hilo ni jiwe lililotokana na uji wa moto wa ardhini uliopoa taratibu, ukaacha punje unazoziona kwa macho, nyeupe, kijivu, nyekundu na nyeusi. Kwenye kamusi utalikuta kwa jina la matale, lakini nenda dukani ukaulizie matale uone utakavyotizamwa. Halafu kuna hiki kinachouzwa kwa jina la kwatsi, ambacho si jiwe lililochongwa mlimani bali ni unga na chembe za jiwe zilizogandishwa kwa gundi ya kiwandani. Hicho tutakirudia mwisho, kwa sababu kina khatari yake.

Sasa tofauti ya marumaru na granaiti si ya sura tu. Kwetu sisi tofauti ni ndimu. Hebu fikiri chakula cha nyumba ya Unguja bila ya ndimu, ukwaju, siki, embe mbichi na achari. Hakipo. Vyote hivyo vina asidi, na asidi na jiwe la chokaa havikai pamoja. Tone la ndimu likianguka juu ya marumaru iliyopigwa msasa ikang'aa, hulila jiwe palepale. Ukifuta baada ya dakika chache utaona duara lililofifia, kama kioo kilichopulizwa pumzi. Watu hudhani ni doa, wakasugua, wakatia sabuni, wakatia dawa, na duara halitoki. Haliwezi kutoka, kwa sababu pale hakuna kilichoingia, kuna kilichoondoka. Dawa yake ni fundi aje alisugue upya jiwe zima mpaka pale palipobaki kuzima parudi kung'aa, na wiki ya pili watu wanapika urojo.

Nani anatarajiwa kulijua jambo hili kuliko sisi? Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na matumbawe, chokaa na marumaru ni ndugu wa tumbo moja: msingi wao ni kalsiamu kaboneti. Hata ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika na kuzunguka mdomo wa bomba ni huo huo, kwa sababu maji ya visima na chemchem zetu hupita katika mawe ya chokaa yakachukua sehemu yake. Bibi anayetia siki ndani ya birika ili ukoko utoke anafanya jambo la maana. Akiimwaga siki hiyo hiyo juu ya kaunta ya marumaru ili kuondoa ukoko wa kwenye bomba, ataondoa ukoko na kaunta pamoja.

Wazee waliojenga kwa mawe haya walilielewa tabia yake. Tizameni magofu ya kasri la Mtoni, pale ufukweni, alilolijenga Sayyid Said katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na ambamo binti yake, Bibi Salme, alizaliwa mwaka 1844. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Palipobaki lipu, ukuta upo. Palipotoka, mvua imelikwangua jiwe mpaka limekuwa kama sega la nyuki. Jiwe lile halikukusudiwa kukaa uchi. Lilivikwa lipu ya chokaa, na lipu ikifanyiwa matengenezo mwaka hadi mwaka. Kwa kuchonga ni jiwe zuri mno: matumbawe yakitolewa baharini yangali laini huchongeka, kisha yakawa magumu yakipata hewa, na ndiyo maana msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 yaliyochongwa katika jiwe la namna hiyo. Lakini nimesikia siku hizi vijana wakitaka kukata bao la matumbawe liwe kaunta ya jiko, kwa kuwa lina sura ya kikwetu. Kwa kibaraza, naam. Kwa jikoni, hapana. Lina vitundu visivyokwisha, litakunywa mchuzi wa samaki, na harufu hutaitoa.

Kwa hiyo anayeniuliza kwa ufupi achague nini, kwa jiko la kupikia kila siku, namwambia granaiti. Unguja haina granaiti. Kila kipande unachokiona kimepanda meli. Tanzania Bara ipo nyingi, yale majabali ya Mwanza na ya Dodoma ni granaiti tupu, lakini mabao mengi madukani yametoka mbali zaidi, India na kwengineko. Marumaru nayo ipo Morogoro, na ipo ya Oman, ambayo jamaa zetu wa huko huisifu sana kwa rangi yake ya maziwa yaliyotiwa chai. Ni nzuri, na kwa sakafu ya baraza au ukuta wa msala sina neno. Beit al-Ajaib yenyewe, ilipojengwa mwaka 1883, ilitandazwa marumaru. Lakini sakafu ya kasri haikamuliwi ndimu.

Usinunue kwa jina lililoandikwa. Omba kipande kilichobaki katika kukata, wauzaji wanavyo, nenda nacho nyumbani. Kamulia ndimu, uache robo saa. Jiwe likitoa vipovu vidogo au likafifia, hilo lina chokaa, liitwe granaiti mara mia. Kwaruza ubavuni kwa ncha ya kisu. Marumaru huchubuka, kwa sababu kisu ni kigumu kuliko yenyewe. Granaiti haichubuki, kisu ndicho kitakachotupu. Kisha mwagia tone la maji upande unaong'aa, nalo ulipe robo saa. Pakibaki doa jeusi, jiwe linakunywa maji na litahitaji dawa ya kuziba vitundu. Kwa jiwe jeusi ongeza jaribio jengine: chovya kitambaa cheupe katika dawa ya kufutia rangi ya kucha, ukisugue. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe limepakwa rangi kuficha ukijivu wake, na rangi hiyo haitadumu mbele ya jua na sabuni. Muuzaji akikunjia uso majaribio haya, amekwisha kukujibu.

Na ukiuliza bei, uliza ni bei ya nini. Wako wanaotaja bei ya mita ya mraba ya bao tupu, halafu kukata kando, kusugua ukingo kando, kutoboa tundu la sinki kando, na usafiri wa kutoka Dar es Salaam kando. Ukijumlisha unakuta jiwe lililokuwa rahisi ndilo ghali.

Uzito nao watu huusahau. Bao lenye unene wa sentimita 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita ya mraba, na la sentimita 3 hufika kilo 80. Kaunta ya urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60, ikiwa ya unene wa sentimita 3, ina takriban kilo 146, kama magunia matatu ya saruji ya kilo 50 yamelazwa pale daima. Nyumba mpya ya matofali, jiko chini, haina tabu. Lakini ndani ya Mji Mkongwe majiko mengi yako ghorofani, na chini ya sakafu kuna boriti za mikoko, nyengine zimeliwa na mchwa au unyevu pasi na mwenye nyumba kujua. Hapo asiitwe fundi wa mawe kabla ya mtu wa kuzitazama boriti. Na ikumbukwe kuwa eneo lile limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hivyo matengenezo yake yanataka kibali.

Kuna adui mwengine wa pwani: chumvi. Bao likilazwa juu ya udongo wa saruji uliochanganywa na mchanga wa ufukweni, unyevu utapandisha chumvi kupitia jiwe, na utaona ukungu mweupe au alama za majimaji zisizokauka. Tunaijua kazi ya chumvi kwenye kuta zetu, rangi inavyobanduka kama magamba. Basi mchanga uwe wa nchi kavu. Na fundi akitaka kutia nondo nyembamba chini ya jiwe, mahali pembamba mbele na nyuma ya sinki, isiwe chuma cha kawaida. Chuma hula kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka kutoka ndani. Bao libebwe kwa kusimama wima, kama mlango, kamwe lisilazwe mikononi. Mengi huvunjika baina ya gari na mlango wa jikoni, si katika matumizi.

Likishakaa, kuishi nalo si kazi. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa. Dawa kali za choo zisikaribie. Wako wanaopaka mafuta ya nazi ili jiwe ling'ae. Kwa siku mbili linapendeza, kisha mafuta yanaingia vitunduni, yanachacha, na jiwe linabaki na weusi wa mabaka. Mafuta yakimwagika juu ya jiwe linalokunywa, chukua poda ya watoto, ifanye uji mzito kwa maji kidogo na sabuni, pandika juu ya doa, funika kwa plastiki mpaka kesho, rudia ikibidi. Manjano ya bizari ni mepesi zaidi ya yanavyoonekana, kwa sababu rangi yake haistahamili jua. Pakiwa karibu na dirisha, doa hufifia lenyewe. Dawa ya kuziba vitundu isipakwe kwa kalenda. Rudia lile tone la maji mara moja moja, na siku jiwe likianza kunywa, ndipo upake.

Granaiti hustahamili sufuria iliyotoka motoni. Lakini seredani ya makaa isiwekwe juu yake. Joto linalokaa mahali pamoja kwa saa nzima, huku pembeni jiwe ni la baridi, huweza kulipasua. Na kinu kibaki sakafuni kilipozoea.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Granaiti ina silika, na ile kwatsi ya kiwandani ina silika nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Ikikatwa kavu kwa grenda, vumbi lake ni jembamba kiasi cha kuingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, likabaki humo na kuyafanya yawe na makovu. Maradhi hayo huitwa silikosisi, na hayana dawa ya kuyaponya. Australia iliona vijana wake wa kukata kaunta wakiumwa, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikapiga marufuku mabao hayo ya kiwandani. Hapa kwetu mara ngapi umepita mbele ya nyumba inayojengwa ukamkuta kijana amefunga kanga puani, grenda mkononi, wingu jeupe limemfunika, na watoto wamesimama wanatizama? Kanga haizuii vumbi lile. Wala si halali kumwagia maji grenda ya umeme ya kawaida, maana hapo umemkimbiza kwenye mapafu ukamwua kwa umeme. Vipimo vichukuliwe nyumbani, jiwe likakatwe karakana kwenye mashine iliyotengenezwa kwa kukatia kwa maji, lije tayari, na hata tundu la sinki litobolewe huko huko. Ni ghali kidogo. Mwenye nyumba ndiye wa kulisema hilo kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu kijana aliyeitafuta kazi hatolisema.

Na huko karakana, sinki ikishatobolewa, kile kipande kilichotolewa katikati ni chako, umekilipia. Mwambie fundi akisugue kingo. Jiwe hukaa baridi hata mchana wa kaskazi, na hakuna kibao kizuri kuliko hicho cha kusukumia chapati.