Jicho la Mtazamaji au Vazi la Mwanamke? Mafundisho ya Kikristo na Sheria ya Kupinga Ponografia nchini Uganda

Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014 ilitetewa hadharani na Simon Lokodo, Waziri wa Maadili na Uadilifu aliyewahi kuwa padri wa Kikatoliki. Makala haya yanadai kwamba sheria hiyo ilikwenda kinyume na mafundisho iliyonuiwa kuyalinda. Katika Mathayo 5:28, lawama ya tamaa humwangukia anayetazama. Sheria iliihamishia kwa anayetazamwa. Fasili yake pana ilieleweka mitaani kuwa marufuku ya sketi fupi, na jijini Kampala baadhi ya wanawake walivuliwa nguo hadharani. Hata wanawake ambao picha zao za faragha zilisambazwa bila ridhaa walitishiwa kushtakiwa. Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu, pamoja na fasili hiyo. Katika tarafa ya Kawempe, ambamo wanafunzi wa Makerere na wachuuzi wa Kalerwe hupishana kila siku, suala hili ni la usalama wa njiani. Makanisa yafundishe nidhamu ya macho; sheria ijayo iwalinde watoto, iadhibu usambazaji usio na ridhaa, na isihukumu mavazi.