Ekskaveta ikikosa nguvu, sensa si mkosaji kila mara

EKSKAVETA iliyokuwa ikijaza malori bila wasiwasi hupoteza nguvu ghafla. Ndoo inapozama kwenye udongo injini hunguruma kwa taabu na kukaribia kuzima, taa ya onyo huwaka mbele ya mwendeshaji, na foleni ya malori katika timbo huanza kurefuka.

Fundi huitwa. Huunganisha kifaa cha kusomea hitilafu, akaona kimetajwa kihisi cha shinikizo la mafuta, na papo hapo akamshauri mwenye mtambo anunue kingine. Kihisi kipya hufungwa, taa huzimwa, na kesho yake injini hurejelea mchezo ule ule.

Hasara huwa maradufu: gharama ya kipuri ambacho hakikuhitajika, na saa ambazo mtambo unaokodishwa kwa saa umesimama bila kuzalisha chochote. Kiini cha kosa ni kudhani kwamba kifaa kilichotajwa ndicho kilichoharibika, ilhali mara nyingi hicho ni mpeleka habari tu.

Mafundi wengi hukiita kifaa hicho sensa, neno ambalo katika lugha ya serikali ni hesabu ya watu. Jina halikukosea njia sana, kwani kazi yake pia ni kuhesabu na kupeleka takwimu kwa mwenye mamlaka, ambaye hapa ni kompyuta ya injini.

Katika injini za dizeli za zamani, pampu ilipeleka mafuta kwa kila nozeli kupitia bomba lake, na hapakuwa na kompyuta ya kuuliza lolote. Mambo yalibadilika mwaka wa 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilipoanza kuuza mfumo wa bomba moja la pamoja kwa ajili ya malori. Bosch ya Ujerumani ilifuata mwaka wa 1997 kwa magari madogo, na baadaye mfumo huo ukaingia katika mitambo ya ujenzi, ikiwemo Komatsu PC200-8 yenye injini ya SAA6D107E-1.

Katika mfumo huu, pampu hushindilia dizeli ndani ya bomba nene la chuma, na nozeli zote hunywa humo. Injini ikinguruma bila mzigo, shinikizo huwa bari 300 hivi. Mzigo ukizidi, hupita 1,000, na katika injini nyingi hufika 1,600 au zaidi. Tairi la gari dogo lina bari 2 tu.

Kihisi hufungwa kwenye bomba hilo. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha chuma ambacho shinikizo hukipinda kwa kiasi kidogo mno. Kupindika huko hubadilisha ukinzani wa umeme, na badiliko hilo hupelekwa kwa kompyuta likiwa volti. Nyaya ni tatu: mmoja hukilisha kihisi volti 5, wa pili ni athi, na wa tatu hurudisha jibu. Kwa vihisi vingi, jibu huwa nusu volti pasipo shinikizo, na volti 4.5 shinikizo likiwa kileleni.

Kabla ya kugusa chochote, namba ya hitilafu yapaswa kuandikwa jinsi ilivyo. Kuifuta kwanza ili kuona kama itarudi ni kuchoma ushahidi.

Mitambo mingi hutumia namba 157 kutaja shinikizo la bomba hilo, ikifuatwa na namba ya pili inayoeleza aina ya kasoro. Ikifuatwa na 3, volti ya jibu imepanda kupita mpaka. Ikifuatwa na 4, imeshuka kupita mpaka. Hizo ni habari za umeme. Lakini ikifuatwa na 1 au 18, kompyuta inasema kwamba kipimo kinaaminika na kinachokosekana ni shinikizo lenyewe. Katika Komatsu iliyotajwa, CA451 na CA452 ni za umeme, ilhali CA559 ni ya shinikizo duni.

Fundi anayebadilisha kihisi baada ya kuona CA559 hana tofauti na daktari anayenunua kipimajoto kipya kwa sababu mgonjwa ana homa.

Hitilafu ikiwa ya umeme, uchunguzi huanzia kwenye plagi. Maji, kutu ya kijani, pini iliyopinda, waya uliosuguliwa na chuma hadi ukabaki uchi au uliotafunwa na panya, hayo yote huonekana kwa macho. Kisha plagi ikichomolewa na swichi ikiwa imewashwa pasipo injini kunguruma, mita inapaswa kuonyesha volti 5 kati ya waya wa kulishia na ule wa athi.

Zikikosekana, haifai kukimbilia kuilaumu kompyuta. Mara nyingi vihisi kadhaa hula kutoka chungu kimoja, na kimoja chenye hitilafu huweza kuwanyima wenzake umeme. Huchomolewa kimoja kimoja, na volti 5 zikirejea, mkosaji amejulikana, hata kama yuko mbali kabisa na bomba la mafuta.

Kigumu kuliko vyote ni kihisi kinachodanganya bila kuwasha taa yoyote. Tuchukue kihisi kilichoundwa kupima hadi bari 1,800. Kutoka nusu volti hadi 4.5 ni volti 4, kwa hivyo kila volti moja huwakilisha bari 450. Athi ikiwa na kutu, jibu linaweza kuongezeka kwa volti 0.3, yaani bari 135 ambazo hazipo.

Kompyuta haina namna ya kujua. Ikitaka bari 300 za kuwashia injini, itaridhika pampu ikifikisha 165. Asubuhi injini itakuwa ngumu kuwaka, mchana itakosa nguvu, na kifaa cha kusomea hitilafu kitaonyesha kwamba mambo ni shwari.

Dawa yake ni jaribio lisilogharimu hata senti, ingawa hurukwa na wengi. Mtambo uliolala usiku kucha hauna shinikizo ndani ya bomba. Kwa hivyo, kabla ya kuuwasha, swichi hufunguliwa na kipimo kikasomwa. Kikiwa sufuri au karibu nayo, kihisi na nyaya zake vinasema kweli angalau hapo mwanzo. Kikisoma bari 100 au 200, uongo umeshikwa kabla ya spana kutoka mfukoni.

Kihisi kikithibitika kuwa mkweli, macho yageukie mafuta. Chujio lililoziba, hewa inayoingia kupitia bomba la kuvutia, pampu iliyochoka, vali ya kudhibiti pampu inayokwama, na nozeli zinazorudisha dizeli nyingi kwenye tangi, kila moja huweza kushusha shinikizo. Nozeli hulinganishwa kwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kwa kila moja kwa muda sawa. Inayorudisha kupita wenzake kwa mbali ndiyo ya kushukiwa.

Ubora wa dizeli pia una neno lake. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na mafuta yale yale inayosukuma. Mchanganyiko huo ulikuwa umeenea nchini Kenya kiasi cha serikali kuanza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuukomesha. Katika maeneo ya ujenzi huongezeka tatizo la maji na vumbi kwenye mapipa yanayoachwa nje.

Jambo moja halina mjadala. Bomba la shinikizo kubwa halifunguliwi injini ikinguruma, na anayetafuta mvujo hatumii mkono bali kipande cha kadibodi. Dizeli inayochomoka kwa bari zaidi ya 1,000 hupenya ngozi. Kidonda huwa kama tundu la sindano na huenda kisiume sana mwanzoni, ilhali ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa na hayo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, si plasta.

Endapo vipimo vyote vitathibitisha kwamba kihisi kimekufa, mahali pake husafishwa kabla ya kukifungua, maana chembe ya mchanga ikiingia kwenye bomba huishia katika nozeli. Kipya hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, si kwa kukisia. Baadhi ya watengenezaji huuza kihisi kikiwa kimeshikamana na bomba lake, na hapo bei hupanda mno.

Baada ya hapo mtambo hupashwa moto na kurudishwa kwenye udongo mgumu, huku msaidizi akitazama kipimo ndoo inapozama. Waya uliolegea hutulia injini ikinguruma bila mzigo, na huanza kuruka tu chuma kinapotikisika.